Kasha jipya, gemu ya mwaka jana: nimechoka kununua majina ya wachezaji

Wadau, leo nitasema hata kama nitatukanwa.

Nina kibanda cha gemu hapa Kondele, Kisumu. Mashine nne, televisheni nne, mabenchi mawili niliyochongewa na fundi wa Kibuye, na pazia jeusi la kuzuia jua lisipige kwenye kioo. Mechi moja ni shilingi 20, anayefungwa ndiye anayelipa na kumpisha mwingine. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ndiyo inayolipa kodi, tokeni za stima na karo, kwa hivyo mtu asije hapa kuniambia "si ni gemu tu".

Wiki mbili zilizopita nilinunua toleo jipya la gemu moja ya hizi zinazotoka kila mwaka. Jina nimeliacha, na duka nimeliacha pia. Shilingi 8,500. Pigeni hesabu na mimi: hizo ni mechi 425 kabla sijatoa hata senti ya stima. Nikanunua bando, mashine ikashusha mafaili usiku kucha, nami nikalala hapo hapo kwenye benchi kwa sababu siwezi kuacha mashine inawaka na mlango ni wa mabati. Asubuhi nikafungua. Menyu imepakwa rangi nyingine. Kwenye kasha kuna sura nyingine. Mechi ya kwanza, kipa ni yule yule anayetema mpira rahisi akidaka mgumu. Mechi ya pili, mtangazaji akaanza ile sentensi yake ambayo watoto wa mtaa huu huimaliza kabla yake, na Kiingereza chenyewe hawajakijua vizuri. Ya tatu sikuimaliza.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa fundi wa pikipiki, huja saa saba akishakula. Akacheza dakika kumi, akanigeukia: "Omera, mbona umeniwekea ile ya zamani?" Nikamwonyesha kasha. Alicheka mpaka pedi ikamponyoka.

Mtaniuliza, kwa nini basi ulinunua? Kwa sababu mita mia mbili kutoka kwangu kuna kibanda kingine, na yule jirani naye atanunua. Mchezaji akihama klabu Agosti, kufikia Oktoba vijana hawataki kumwona na jezi ya zamani. Wakiingia kwangu wakamkuta bado yuko alikotoka, wanatoka bila hata kuaga. Sinunui gemu, nanunua orodha ya usajili. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo: orodha ya majina inauzwa kwa bei ya gemu nzima.

Kabla hamjaanza, sina shida na kurudia. Mpira ni watu kumi na mmoja kila upande tangu babu zetu, hakuna anayeomba goli la tatu liongezwe. Bao linachezwa kwenye mashimo yale yale na wazee hawajachoka. Gemu ya Zelda ya 2023 ilirudi kwenye ardhi ile ile ya toleo la 2017, lakini ikampa mchezaji uwezo wa kuunganisha vitu na kujiundia gari, mashua, hata kitu cha kuruka, kisha ikaongeza visiwa angani na dunia nyingine nzima chini ya ardhi. Ramani ya zamani, kazi mpya. God of War walimchukua Kratos wa tangu 2005, mtu wa kupiga kelele na kuua, 2018 wakampeleka kwa miungu ya kaskazini ya Ulaya, wakampa shoka na mtoto wa kulea, na kamera ikasogezwa mpaka karibu na bega lake. Jina lile lile, na bado nilikaa siku tatu bila kufungulia wateja mashine namba mbili. Kwa hivyo inawezekana.

Sasa tazama upande wa pili. Call of Duty, ile gemu ya vita ya bunduki, imetoka kila mwaka tangu 2005, bila kuruka hata mmoja. Wamefika mahali hata majina yameisha. Kuna Modern Warfare 2 ya 2009 na Modern Warfare II ya 2022. Kuna Modern Warfare 3 ya 2011 na Modern Warfare III ya 2023. Tofauti ni namba ya kawaida na namba ya Kirumi! Mteja akiniomba "ile ya tatu" inabidi nimhoji kama karani wa mahakama. Na hiyo ya 2023 ilipotoka, ramani zote 16 za msingi za kuchezea wachezaji wengi siku ya kwanza zilikuwa za toleo la 2009, zimesafishwa tu. Waliwaita wazee kama mimi kwa harufu ya ujana wetu, wakatuuzia kwa bei kamili.

Tekken, ile gemu ya ngumi na mateke, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kwenye vibanda ndiyo tuliyokulia. Nani hapa hakujifunza kwa Eddy? Hujui kitu, unabonyeza tu ovyo, jamaa anazunguka na miguu hewani na wewe unashinda, mpaka kukawa na sheria ya mtaa kwamba ukimchukua Eddy wewe ni mwoga. Huyo Eddy alikuja na Tekken 3 miaka ya tisini, yuko ndani, humlipii. Tekken 8 ikatoka Januari 2024 bila Eddy. Aprili mwaka huo huo Eddy akaja, anauzwa kando. Kisha Heihachi, yule mzee wa masharubu ambaye mwisho wa Tekken 7 mwanawe mwenyewe alimtupa kwenye volkano, tukaambiwa kweli safari hii amekufa, naye akafufuka ndani ya Tekken 8, miezi michache baada ya Eddy. Anauzwa pia. Ndugu zangu, hata kifo kimewekewa bei.

Turudi kwenye mpira, maana ndio ugali wa kibanda.

Gemu ya FIFA 97 ilikuwa na mpira wa ndani ya ukumbi, watu wachache, mpira unagonga ukuta na kurudi. FIFA 98 pia ilikuwa nao. Kisha ukapotea. 2005 ukaja mpira wa mtaani kama gemu ya kujitegemea, FIFA Street. 2019, ndani ya FIFA 20, mpira wa watu wachache ukarudi kwa jina la Volta, na tukapigiwa tarumbeta kana kwamba umevumbuliwa jana. 2024, katika FC 25 (ni FIFA ile ile iliyobadilishwa jina), Volta ikatolewa ikaja Rush, watano kwa watano. Hii ni kama mama mwenye nyumba anayeng'oa mlango wako, halafu baada ya miaka anakurudishia ukiwa umepakwa rangi, na kodi imepanda.

Na msiseme namwonea mtu. Kwa wenye Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, walichouziwa kiliitwa Legacy Edition: vikosi vipya, jezi mpya, uchezaji wa miaka ya nyuma. Kampuni yenyewe, EA, iliandika hivyo kwenye tangazo lake, haikuficha. Miaka minne. Ninachowaheshimu ni kwamba angalau waliandika.

Nimekaa nikifikiria kwa nini mambo yako hivi, na nadhani jibu liko mahali ambapo sisi wa benchi hatukai. Ultimate Team iliingia Machi 2009, kwenye FIFA 09. Unanunua pakiti, hujui ndani kuna nani, unajenga kikosi chako cha kadi. Toleo jipya likitoka, kadi zako za mwaka jana zinabaki kule kule na unaanza sifuri. Ubelgiji waliitazama biashara ya aina hii mwaka 2018 wakasema ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti nchini humo. Sasa niambie, kama pesa inatoka kwenye pakiti, nani atahangaika na kipa anayetema mpira? Nani atamwandikia mtangazaji sentensi mpya? Watu wawili waliokaa bega kwa bega Kondele, wakigombea shilingi 20, hawanunui pakiti. Sisi tunanunua diski mara moja, basi. Kwa hivyo sehemu tunayocheza sisi imeachwa kama choo cha soko: kila mtu anaitumia na hakuna anayeipaka chokaa.

Nitakuwa mkweli, kuna vitu vimeongezwa. Timu za taifa za wanawake ziliingia FIFA 16, na binti zangu wawili walianza kuja kibandani kwa sababu hiyo. Injini ya Frostbite, yaani programu inayoendesha gemu, iliyoingia na FIFA 17 ilifanya sura za watu zifanane na watu. Hayo nayakubali. Lakini hesabu miaka kati ya badiliko moja kubwa na lingine, halafu hesabu umelipa mara ngapi hapo katikati.

Halafu hili, samahani natoka nje kidogo: miaka yote hii ya kulipa, Gor Mahia hawamo. AFC Leopards hawamo. Tuliwahi kuona Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini, vizuri, hongera kwao. Victor Wanyama tulimpata alipokuwa Tottenham, tukamtumia mpaka akachoka, lakini Ingwe, yaani hiyo AFC Leopards, aliyopitia kabla ya Ulaya haimo. Nafasi ya kuweka nywele mpya za mchezaji mmoja kila mwaka ipo. Ya ligi yetu haipo.

Suluhisho lipo na lilishafanywa. Septemba 2020 kampuni ya Konami, wapinzani wa FIFA, walitoa gemu yao ya mpira, PES 2021, na wakaiita wazi wazi sasisho la msimu. Gemu ni ya mwaka jana, vikosi ni vya sasa, bei ni dola 30, karibu nusu ya bei ya gemu mpya. Hakuna aliyekufa. (Mwaka uliofuata wakaigeuza eFootball, ya bure, ikazinduliwa na nyuso za kutisha watoto, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Enyi wa kampuni, mkinipa majina kwa bei ya majina nitalipa kila Septemba bila kelele. Mkipata wazo kweli, baada ya miaka mitatu au minne, niuzieni gemu nzima, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Assassin's Creed walibanwa hivyo hivyo: kila mwaka toleo, 2014 wakatoa Unity ikiwa na nyuso zinazopotea zikabaki macho na meno, 2016 wakapumzika, 2017 wakarudi na Misri ya kale, na ile Misri mimi bado nawafungulia watu waitembee tu juu ya ngamia.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna mmoja amejibu kwamba wateja ndio wanaotaka vitu vile vile, ndiyo maana GTA V ya 2013 imeuza nakala zaidi ya milioni 200 na kupita mashine za vizazi vitatu. Kaka, ni kweli. Nina kijana anayekuja kila Jumamosi kuendesha magari mle ndani, na gemu hiyo imemzidi umri. Lakini GTA V haikuniambia ni mpya kila Septemba. Niliinunua, ikakaa, inanilipa mpaka leo. Huo mfano wako unanisaidia mimi.

Mwingine anauliza diski za zamani nazipeleka wapi. Hakuna anayezinunua, gemu ya mpira ya mwaka juzi ni kama gazeti la mwaka juzi. Mama yangu kule Ugenya ameziomba, amezitundika kwa uzi kwenye shamba la mtama kufukuza ndege. Anasema zinafanya kazi vizuri. Aliniuliza kama naweza kumletea nyingine, nikamwambia asubiri Septemba.

Kwa wale wa hapa Kisumu: mashine namba nne nimeing'oa, nimerudisha PS2, ile PlayStation ya pili ya kitambo. Gemu ya mwisho ya PS2 ilikuwa PES 2014, baada ya hapo kampuni zikaondoka, lakini kuna vijana huko mitandaoni ambao mpaka leo wanashona viraka: usajili wa mwaka huu, jezi za mwaka huu, ndani ya Winning Eleven ya zamani (ni PES kwa jina lake la Kijapani). Bila malipo. Picha ni mbovu na nyasi zinafanana na zulia, lakini nilipoiwasha jana jioni benchi lilijaa mpaka mlangoni. Jumamosi saa nane mchana tunaanza ligi, kiingilio shilingi 50, watu kumi na sita tu. Mwenye pedi nzima ya PS2 aje nayo, zangu mbili vitufe vimelegea.