Urithi wa Wabengali: Bishnupur au Bangladesh?

Mwajuma_Likoni: Wenzangu, Desemba nataka kwenda kuona mahekalu ya kale ya Wabengali na mafundi wa kazi za mikono. Njia ni mbili. Nishukie Kolkata, India, niende mji wa Bishnupur, au nishukie Dhaka, Bangladesh, nione mji wa kale wa Sonargaon, kisha nipande kaskazini hadi Dinajpur. Siwezi zote mbili. Aliyefika anishauri.

Mpenda_Reli: Bishnupur, dada. Ukipanda treni asubuhi Howrah, stesheni ya Kolkata, mchana umefika. Wafalme wa Malla, watawala wa zamani wa huko, waliacha pale jengo la Rasmancha la mwaka 1600 na mahekalu ya Shyam Rai (1643), Jor Bangla (1655) na Madan Mohan (1694), na tuktuk inakuzungusha kote.

Bengali ni nchi ya matope ya mito, mawe ni shida, kwa hiyo waliomtaka mungu wao Krishna ukutani walimfinyanga kwa udongo wakamchoma. Sogea karibu na kuta, hasa sehemu za chini: utaona wawindaji, mashua, askari, wacheza ngoma, vigae kwa vigae. Paa nazo zimepinda kama za vibanda vya mianzi na nyasi vya wanakijiji. Jor Bangla ni vibanda viwili vilivyoegemeana, vikabebeshwa mnara.

Halafu nenda kijiji cha Panchmura kwa wafinyanzi wa farasi wa udongo wa Bankura, wilaya ile ile. Miguu, shingo na kichwa hufinyangwa mbalimbali kwenye gurudumu vikiwa na uwazi ndani, ndipo vinaunganishwa. Masikio na mkia huchomekwa mwisho. Watu wa huko huwapeleka farasi hao kwenye vihekalu vyao kuweka nadhiri. Ufundi ule ule wa udongo uliojenga mahekalu bado unalisha familia, na hilo kwangu ndilo linaloipa Bishnupur ushindi.

Asha_Muscat: Naheshimu maneno ya ndugu, lakini kwa vitambaa hakuna kama Dhaka. Nafanya kazi na Wabangladeshi hapa Oman. Ukitaja jamdani, kitambaa chao chepesi cha pamba chenye maua, nyuso zao zinang'aa. Hufumwa vijijini kando ya mto Shitalakshya, wafumaji wawili wakiketi bega kwa bega, na kila ua huingizwa kwa mkono katikati ya mshindio. UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2013. Na hekalu la Kantajew huko Dinajpur, lililokamilika mwaka 1752, limefunikwa vigae vya udongo kuanzia chini hadi juu. Ukuta wowote wa Bishnupur hauniridhishi vile.

Kijana_wa_Voi: Kantajew ni zuri sana, ila lilikuwa na minara tisa na yote iliangushwa na tetemeko la 1897. Tena kutoka Dhaka ni mwendo mrefu mno, na Desemba kaskazini kuna ukungu mzito unaochelewesha treni. Kama likizo ni fupi, utaimalizia njiani.

Mpenda_Reli: Dada Asha, kwenye jamdani nakubali kabisa. Sari za Baluchari za Bishnupur zina visa vya Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, kwenye pindo, lakini mchoro huongozwa na kadi zilizotobolewa. Kazi nzuri, ila si mkono mtupu. Mwajuma, ukipata nafasi pitia kijiji cha Naya, wilaya ya Paschim Medinipur. Wachoraji wa huko, wengi wao Waislamu, hukunjua karatasi ndefu za michoro huku wakiimba kisa kilichochorwa, hata visa vya miungu ya Kihindu.

Mwajuma_Likoni: Asanteni sana. Nitaenda Bishnupur, jamdani nitaifuata safari nyingine. Je, Panchmura ni pa kulala?

Mpenda_Reli: Hapana, kodi gari Bishnupur uende na kurudi siku hiyo hiyo. Chumba kiweke mapema, maana mwishoni mwa Desemba kuna maonyesho ya Bishnupur Mela na mji hujaa.

Kijana_wa_Voi: Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India hukidai kwa anayetoka Kenya.