Seva: sensa zinagombana, feni hazionekani. Nianzie wapi?

Mkazi_Kirumba: Wakuu, naombeni ushauri. Seva ina Debian 12, ubaomama wa kompyuta ya mezani, prosesa ya Ryzen, chipu ya sensa NCT6798D. Nimeweka draiva ya zenpower nione volti na ampea za prosesa, ila amri ya `sensors` inaleta k10temp tu, ile draiva ya kawaida ya joto la prosesa. Nikipakia nct6775, draiva ya hiyo chipu ya sensa, feni hazitokei, na `dmesg` (ujumbe wa kerneli) inasema:

`ACPI Warning: SystemIO range 0x0295-0x0296 conflicts with OpRegion`

(Nimefupisha namba.) Niweke `acpi_enforce_resources=lax`, kerneli isizuie tena, yaishe?

fundi_wa_Igoma: Subiri kwanza na hiyo lax. Hapo una ugomvi wa aina mbili, usiuchanganye.

Wa kwanza ni mwepesi. k10temp na zenpower zinataka kifaa kilekile cha PCI, na kifaa kinashikwa na draiva moja tu. Iliyowahi ndiyo inabaki nacho. Andika `blacklist k10temp` kwenye `/etc/modprobe.d/zenpower.conf`, kisha:

`update-initramfs -u`
`modprobe -r k10temp`
`modprobe -r zenpower`
`modprobe zenpower`

Hakikisha `linux-headers-amd64` ipo. Kerneli ikipanda bila hizo heda, DKMS (inayojenga draiva za nje upya kwa kila kerneli) haitajenga zenpower mpya, na k10temp umeshaifungia, kwa hiyo joto la prosesa hulioni kabisa. Kama shida yako ni joto tu, mimi ningeachana na zenpower.

Ilemela_sysadmin: Naongezea ugomvi wa pili, wa ACPI, yaani njia ya BIOS kushika vifaa mfumo ukiwa umewaka. Chipu husomwa kwa milango miwili: 0x295 unaandika namba ya rejista, 0x296 unasoma au kuandika thamani yake. BIOS nayo ikipita hapo katikati na kubadili namba, draiva inasoma rejista nyingine. Kusoma vibaya kuna nafuu. Kuandika kasi ya feni kwenye rejista isiyo yake ndiyo balaa. Kerneli inakataa kwa sababu hiyo.

Ubaomama ni wa ASUS? Tangu kerneli 5.16, nct6775 hupitia WMI (inaiomba BIOS isome chipu kwa niaba yake) kwa bodi zilizomo kwenye orodha yake, lax haihitajiki.

Mkazi_Kirumba: Si ASUS, mkuu. BIOS nimeshapandisha, bado.

Ilemela_sysadmin: Basi lax ndiyo imebaki, ila tumia kwa kusoma tu. Iweke kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, piga `update-grub`, washa upya. Kasi ya feni iache BIOS iendeshe.

fundi_wa_Igoma: Na kama `fancontrol`, huduma ya kuendesha kasi ya feni, ilikuwepo, izime. Ukibadili draiva, jina la kifaa cha sensa linabadilika, hwmon2 inaweza kuwa hwmon3, na huduma itagoma kuwaka mpaka urudie `pwmconfig`. Hiyo pwmconfig husimamisha feni moja moja kuzipima, usiipige seva ikiwa na kazi nzito.

RPM (mizunguko kwa dakika) zikishaonekana ila feni inazunguka kwa tabu, fungua boksi. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hujazana kwenye chujio, na hakuna draiva ya hilo.

Mkazi_Kirumba: Feni zimetokea zote, asanteni. Ila AUXTIN moja, sensa ya ziada ya joto, inasoma nyuzi 127!

Ilemela_sysadmin: Pini hiyo haijaunganishwa na kitu. Tazama namba yake kwa `sensors -u`, kisha iandikie `ignore` chini ya mstari wa `chip "nct6798-*"` kwenye faili ndani ya `/etc/sensors.d/`.