Grafu ya jaribio la springi haipiti kwenye sifuri

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano
Habari zenu, wakuu. Tulining'iniza mizigo kwenye springi yenye tungamo la gramu 60, ambayo ugumu wake (k) tuliupima kuwa niutoni 20 kwa mita. Tulipima muda wa mitetemo 20, tukaugawa kwa 20 ili kupata kipindi T, kisha tukachora grafu ya T² dhidi ya tungamo la mzigo, m. Kwa kuwa T = 2π√(m/k), nilitarajia mstari upite kwenye sifuri. Mstari umenyooka vizuri, lakini unakata mhimili wa T² juu ya sifuri, karibu na 0.04. Je, ni kwa sababu springi inaning'inia wima, na uzito unaingilia?

Fundi Saa
Mimi ningeanza kukagua upimaji wa muda. Hesabu ianze na "sifuri", si "moja", mzigo unapopita mahali pake pa utulivu, ambapo una kasi kubwa kuliko popote. Wengi huanzia chini kabisa, ambako mzigo husitasita na jicho haliwezi kuamua umegeuka lini.

Mwalimu wa Fizikia
Ushauri huo ni mzuri, ila hauelezi grafu hii. Anayeanza na "moja" hupata kipindi kifupi kuliko cha kweli, ilhali vipindi vya mwanafunzi huyu ni virefu. Kwa mzigo wa gramu 100 kanuni inatoa sekunde 8.9 kwa mitetemo 20, lakini kwa mstari wake ni kama 9.7, na mkono uliozoea saa haukosei kiasi hicho kila mara na kwa upande uleule.

Uzito nao hauna hatia. Unashusha tu mahali pa utulivu hadi pale ambapo uzito mg (g ni mchapuko wa graviti) unalingana na mvuto wa springi. Kuanzia hapo, kani inayorudisha mzigo ni ileile k mara umbali, na g haionekani tena. Ndiyo maana mwaka 1973 wanaanga wa Skylab, kituo cha anga za juu cha Marekani, waliweza kupima tungamo la miili yao kwa kiti cha springi, mahali ambapo mizani ya kawaida haifai kitu.

Kilichosahauliwa ni springi yenyewe, kwa sababu nayo inatembea. Pingili ya juu imetulia, ya chini inakwenda na mzigo, na za katikati zina kasi kulingana na umbali wao kutoka juu. Nishati ya mwendo hufuata kasi kipeo cha pili, na ukijumlisha pingili zote unapata theluthi ya tungamo la springi, yaani gramu 20 au kilo 0.02. Kwa hiyo T² = 4π²(m + 0.02)/k. Weka m = 0 na utapata 0.039.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano
Asante sana, Mwalimu. Basi k niliyoipata kutokana na mwinamo wa grafu niiache kama ilivyo?

Mwalimu wa Fizikia
Iache. Mwinamo ni 4π²/k, na theluthi hiyo haiugusi. Ukiurefusha mstari nyuma utakata mhimili wa tungamo kwenye gramu 20 hasi; andika hilo kwenye hitimisho. Angalizo moja: theluthi inafaa mzigo unapokuwa mzito kuliko springi. Springi isiyo na mzigo kabisa hutetema kana kwamba sehemu hiyo ni 4/π², yaani takriban 0.41, kwa hiyo usiijumuishe kwenye mstari wako.