Naomba ushauri: muda wa kusali unanishinda

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nauza mitumba Owino hapa Kampala, ila naishi Mukono. Saa kumi na moja alfajiri niko stendi nagombania teksi (ndizo matatu za huku), maana ukichelewa foleni ya Jinja Road inakumeza. Usiku nafungua Biblia kwenye simu, aya mbili tu, simu inanidondokea usoni.

Mchungaji anatuhimiza tuamke usiku wa manane, akisoma Marko 1:35, Yesu alivyotoka alfajiri na mapema sana kwenda kuomba. Sawa, lakini nina mtoto anayeniamsha kila mara. Tena Danieli alikuwa na cheo kikubwa serikalini na bado alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), kwa hiyo kazi siifanyi kisingizio.

Siku hizi nasali ndani ya teksi, macho wazi, kondakta akidai nauli. Je, hiyo ni sala au najidanganya? Mume wangu anasema Jumapili inatosha. Hapo sikubaliani naye.

Akina mama wenye biashara na watoto wadogo, mnafanyaje? Msiniambie "panga muda" tu. Niambieni saa ngapi, wapi, na mnasoma nini.