Wazazi wazee, siku tano mkononi: niwapandishe Ooty au tubaki Chennai?

Kitindamimba:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Niko Chennai, India, na wazazi. Mama (69) alikuja kutibiwa macho, amemaliza, na ndege yetu ya kurudi ni baada ya siku tano. Mzee (74) magoti yamechoka, anatembelea mkongojo, na presha yake anaidhibiti kwa vidonge. Joto la hapa limewashinda, wanashinda ndani. Sasa jirani wa tunapolala amewajaza habari za Ooty: mlimani, baridi, mashamba ya chai, treni ya mvuke. Mzee haongei kingine. Mimi naogopa kona, vilima na baridi. Aliyewahi kupeleka wazee huko anishauri.

Reli_Damu:
Mpeleke Mzee! Reli ile ilifika Ooty mwaka 1908 na tangu 2005 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Kutoka Mettupalayam, mji ulio chini ya mlima, ni kilomita 46 tu lakini kupanda ni karibu saa tano, maana sehemu kali injini inasukuma mabehewa kwa gurudumu linalouma reli ya meno. Usiku mnalala kwenye treni ya Nilgiri Express kutoka Chennai, asubuhi mnaunganisha.

MuuguziMstaafu:
Saa tano kwenye kiti kigumu, na mabehewa hayana choo. Reli_Damu, wewe una magoti ya miaka 30.

Kitindamimba, kwanza nijibu: mama alifanyiwa nini hasa? Kama ni retina na aliwekewa gesi jichoni, asipande mlima wala ndege mpaka daktari athibitishe gesi imeisha. Mwinuko huitanua, na presha ya jicho ikipanda anaweza kupofuka. Pili, vidonge vya Mzee vina dawa ya kukojosha?

Kitindamimba:
Asante mama. Ni mtoto wa jicho tu, hakuna gesi. Cha kukojosha kipo, anakunywa asubuhi.

MuuguziMstaafu:
Nimepumua. Hata hivyo rudini kwa daktari mumwambie mnakwenda mlimani. Ooty iko kama mita 2,240 juu ya bahari. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya 2,500, kwa hiyo wasiwasi wangu si hewa, ni ngazi na uchovu. Siku ya kwanza wasifanye lolote. Hicho kidonge asikiache, ila kabla ya barabara ya kona muulizeni daktari kama saa ya kukinywa inaweza kusogezwa.

Shangazi_Msafiri:
Nilimpeleka mama yangu. Ushauri wangu: laleni Coonoor, msilale Ooty. Iko chini kidogo, mita 1,850 hivi, baridi yake haiumi na makelele hakuna. Kisha pandeni treni kipande cha Coonoor hadi Ooty peke yake, kama saa moja. Mvuke mtaukosa, maana kipande hicho huvutwa na injini ya dizeli, lakini Mzee atakuwa amepanda treni yake. Tiketi zinawahi kuisha, kateni leo.

Kutoka Chennai rukeni hadi Coimbatore, halafu gari kupitia Mettupalayam. Dereva akitaja njia ya Masinagudi kataeni, ile ina kona 36 za kugeuka nyuma. Na mwulizeni kama ana kibali cha mtandaoni: tangu Mei 2024 magari ya kutoka nje yanakihitaji kuingia Nilgiri, wilaya iliko Ooty.

Hoteli msiulize kama ni nzuri. Ulizeni: chumba kiko chini? Choo ni cha kukaa? Wageni wa nje mnapokea? Nyumba ndogo nyingine hukataa pasi za kigeni, na sisi tulikataliwa usiku, mama kakaa juu ya sanduku. Hilo sijalisahau.

Mpita_Njia:
Kwa nini si Shimla? Ni nzuri zaidi.

Shangazi_Msafiri:
Shimla iko kaskazini kabisa, ndugu yangu. Siku tano zote zitaishia njiani.

Kitindamimba:
Nimemsomea Mzee yote. Coonoor amekubali, treni fupi kakubali kwa kununa. Kesho tunaanza kwa daktari. Ila sweta nitazipata wapi kwenye joto hili?

Shangazi_Msafiri:
Beba shuka mbili za kujifunika garini, basi. Ooty kuna soko la Watibeti, kazi yao ni masweta. Mwache Mzee achague rangi mwenyewe.