Simba wenye matundu mbele ya benki Hong Kong: jengo la zamani lilikwenda wapi?

Baharia Mstaafu:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Hivi karibuni nilipata siku moja ya kutembea Hong Kong, katika eneo la Central lililosongamana mabenki. Mbele ya makao makuu ya HSBC, jengo la vyuma na vioo ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani mafundi hawajaondoa majukwaa yao, wamelala simba wawili wa shaba nyeusi wanaoonekana kuwa wakongwe kuliko jengo lenyewe, na mmoja wao ana matundu upande wa nyuma. Simba hao walitoka wapi? Je, ni kweli kwamba hapo palikuwa na jengo jingine la fahari lililobomolewa? Na kwa nini Jumapili ile chini ya jengo walijaa wanawake walioketi juu ya maboksi yaliyokunjuliwa?

Mpenda Makale:
Ni kweli, ndugu, tena si jengo moja. Benki ilianza kazi mwaka 1865 katika nyumba ya kupanga iliyoitwa Wardley House, ikajenga makao yake mwenyewe mwaka 1886, kisha ikayabomoa na kufungua mengine mwaka 1935. Hilo la 1935, lililosanifiwa na kampuni ya Palmer & Turner, lilikuwa na viyoyozi wakati ambapo viyoyozi vilikuwa kioja, na dari la ukumbi wake lilipambwa kwa picha za vigae vidogo vya rangi zilizobuniwa na msanii Mrusi, Victor Podgorsky. Simba walichongwa na W. W. Wagstaff na kusubiwa Shanghai kwa ajili ya jengo hilo, wakapewa majina ya mameneja wawili waliowahi kuongoza tawi la Shanghai: Stephen ndiye anayenguruma, na Stitt ndiye aliyefumba kinywa. Matundu uliyoyaona yako kwa Stephen, nayo ni makovu ya mapigano ya Desemba 1941, Wajapani walipouteka mji. Baadaye simba wote wawili walipakiwa melini kwenda Japani ili wayeyushwe, lakini vita vilikwisha kabla ya tanuri kuwafikia. Baharia Mmarekani aliwatambua Osaka, wakarudishwa Hong Kong.

Karani wa Zamani:
Naomba kuongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko habari ya simba. Wajapani waliligeuza jengo hilo kuwa makao ya utawala wao, na maofisa wa benki waliokuwa mateka wakawa wanapelekwa humo kutia saini, kwa shuruti, noti ambazo benki ilikuwa haijazitoa. Meneja mkuu, Vandeleur Grayburn, aliyelisimamia jengo hilo tangu lilipojengwa, alifia gerezani Stanley mwaka 1943. Vita vilipokwisha, benki ilikuwa na sababu ya kuzikana noti zile, lakini mwaka 1946 ilikubali kuzilipa, na nadhani uamuzi huo uliijengea jina kuliko granaiti yoyote.

Fundi Ramani:
Jengo la 1935 lilivunjwa mwaka 1981 kwa kuwa benki ilikuwa imekua kupita ukubwa wake. Mimi ni miongoni mwa wanaolisikitikia, ingawa nakiri kwamba lililofuata, kazi ya Norman Foster iliyokamilika mwaka 1985, ni fundisho kwa kila mhandisi. Mwanzoni alitakiwa kujenga huku benki ikiendelea na shughuli zake kwenye kiwanja hichohicho, ndipo akabuni sakafu zinazoning'inia kwenye milingoti mikubwa, kama daraja, badala ya kukaa juu ya msitu wa nguzo. Ndiyo maana chini pamebaki uwazi wa umma ambao yeyote huupita. Wanawake uliowaona ni wafanyakazi wa majumbani, wengi wao Wafilipino, na Jumapili ndiyo siku yao ya mapumziko. Hukutana hapo, wakala, wakasukana nywele na kufunga mizigo ya kutuma kwao.

Wakati wa ujenzi, simba walihamishiwa bustani ya Statue Square iliyo mbele ya jengo. Siku ya kuwarejesha, mwaka 1985, waliinuliwa na kreni mbili kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kusema kwamba mmoja alitangulizwa.