ARUSHA: Mtoto ana mama na ndugu, kwa nini bado yuko kwenye makao ya watoto?

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Binti wa marehemu kaka yangu aliingizwa kwenye makao ya watoto pembezoni mwa Jiji la Arusha akiwa na miaka minne, wakati mama yake amelazwa kwa kifua kikuu na sisi wengine tunaishi Moshi. Tuliambiwa ni hifadhi ya muda, hadi mama apate nafuu. Mama alimaliza dozi, akapona, akarudi kwenye genge lake la mboga. Mtoto sasa yuko darasa la nne na bado yuko kule kule.

Kila tunapofuatilia katika ofisi ya ustawi wa jamii inayohusika, ambayo sitaitaja, tunaambiwa afisa aliyekuwa na jalada amehamishwa na aliyepo ndiyo kwanza analisoma. Basi tunaanza upya: barua ya mtendaji wa mtaa, cheti cha kuzaliwa, maelezo ya kipato cha mama, kana kwamba hakuna aliyewahi kuyapokea. Mara ya mwisho afisa, kijana mstaarabu kwa kweli, alilifungua jalada mbele yetu. Karatasi ya juu iliandikwa "Mama mgonjwa, ndugu hawajapatikana", na nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa wino mwingine, palikuwa na namba yangu ya simu na neno "shangazi". Hapakuwa na taarifa yoyote ya afisa kumtembelea mtoto, wala ya kufika nyumbani kwa mama, wala mpango wa kumrejesha. Nafahamu maafisa ni wachache na wengi hawana usafiri, lakini kunipigia simu hakukuhitaji gari.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inakataza mtu yeyote kumnyima haki hiyo isipokuwa mahakama imeamua hivyo. Nimeomba kuonyeshwa amri ya mahakama. Sijaonyeshwa hadi leo. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka katika ibara ya 25 kwamba hali ya mtoto aliyewekwa chini ya uangalizi ipitiwe mara kwa mara, ili ijulikane kama bado ipo sababu ya kumweka hapo. Huyu wetu alipitiwa lini, na nani?

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kuwa umaskini peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Sisi tunaulizwa mna vyumba vingapi, na nani atamlipia shule ya mchepuo wa Kiingereza anayosomeshwa na wafadhili. Kama fedha za kumsomesha zipo, kwa nini zisimfuate kwa mama yake?

Tukienda kumwona tunakalishwa barazani kwa saa moja huku mlezi akitusikiliza, wakati wageni wa kujitolea, waliokuja nchini kupanda mlima na kuona wanyama, wanaingia hadi mabwenini na kupiga naye picha. Bibi yake alimsalimia kwa Kichagga, lugha aliyokuwa akiongea naye kabla hajachukuliwa. Mtoto alimgeukia mlezi na kumuuliza bibi anasema nini. Bibi hajataka kurudi tena pale, na mimi siwezi kumlazimisha.

Kwa maafisa ustawi na mawakili mliomo humu: je, mama anaweza kupeleka mwenyewe ombi katika mahakama ya watoto ili mwanawe arejeshwe, bila kusubiri taarifa kutoka ofisi ile ile iliyolitelekeza jalada? Aanzie wapi, na aambatanishe nini? Nyaraka zote anazo, na yuko tayari kufika popote mtakapomwelekeza.